Kinyozi Hajinyoi, Msusi Je?

Wahenga walinena kuwa kinyozi hajinyoi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha binadamu kwamba, hata awe stadi kiasi gani, hana budi kumhitaji mwenziwe katika baadhi ya mambo yake. Ukweli wake huanzia mwilini: jicho la mtu halikioni kisogo chake, na mkono husitasita pale ambapo jicho halifiki. Katika ususi jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa kunyoa ni kuondoa ilhali kusuka ni kujenga. Aliyenyolewa ovyo huvaa kofia akangoja nywele ziote. Aliyesukwa ovyo huibeba kazi hiyo mbele za watu, nao wanaomfuata nyuma huisoma mstari baada ya mwingine kabla yeye mwenyewe hajajua kasoro iko wapi.

Lugha nayo inaelekea kukubaliana na wahenga. Mwanamke akionekana na mistari mipya kichwani, swali la kwanza aulizwalo na wenziwe ni, "Nani amekusuka?" Swali hilo lina mtenda na mtendwa, na halidhani hata kidogo kwamba wawili hao wanaweza kuwa mtu mmoja. Kitenzi suka hunyambulika bila taabu. Msusi husuka, mteja husukwa, nyanya humsukia mjukuuwe mkeka, na mashoga wawili husukana. Katika orodha hiyo, umbo jisuka ndilo lisikikalo kwa nadra. Mwanamke mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi, alilazimika kulitumia umbo hilo mnamo mwaka wa 2020, na hakulipenda alipolianza.

Alizaliwa Mombasa, katika mtaa usio mbali na soko la Kongowea, na mama yake ni msusi. Tangu utotoni mwake, kibaraza cha nyumba yao ndicho kilichokuwa saluni. Vifaa vyake vilikuwa mkeka, kigoda, chanuo la mbao, chupa ya mafuta ya nazi na kopo la nyuzi nyeusi. Mteja aliketi mkekani, akaegemeza kichwa kwenye magoti ya msusi, na habari za mtaa mzima zikapita juu ya kichwa hicho. Hapo ndipo binti alipojifunza utosi, panja na kisogo kabla ya kuyakuta maneno hayo kitabuni. Hapo pia aliyasikia majina ya mitindo, ukiwemo ule uitwao twende kilioni, ambao mistari yake hutoka kwenye paji la uso ikaelekea kisogoni moja kwa moja, pasipo madoido yoyote.

La kutajika ni kuwa mama huyo hakuwahi kujisuka. Kila Jumapili jioni alimwendea shoga yake, msusi mwenziwe aliyekaa nyumba ya tatu, wakasukana kwa zamu hadi giza likaingia. Hakuna senti iliyobadilisha mikono. Siku moja bintiye alimuuliza kwa nini hajisuki ilhali ndiye anayesifiwa mtaa mzima. Mama alimjibu kwa methali ya kinyozi, kisha akaongeza nyingine: "Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu." Mtoto alicheka kwa sababu ya chawa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alipojiunga na shule ya upili ya bweni, suala la kusukwa lilikoma. Kama ilivyo katika shule nyingi za wasichana nchini Kenya, kanuni ilikuwa nywele fupi, na zilikatwa mara zilipothubutu kuonekana. Kwa miaka minne kichwa chake kilikuwa mali ya kanuni hiyo. Ndiyo maana alipoingia chuoni aliziacha nywele ziote bila kumshauri mtu. Nywele za kipilipili hujikunja, na urefu wake haujulikani hadi zinyooshwe. Katika mwaka wa tatu, alipozivuta zilifika mabegani. Wakati wa likizo alisukwa na mama kibarazani, na wakati wa masomo alimlipa msusi wa mtaani alikopanga chumba. Hakujua kusuka hata mstari mmoja. Mtoto wa msusi hakuwa na sababu ya kujua, kama vile mtoto wa mpishi asivyojua kuinjika chungu.

Kisha yakaja ya mwaka huo wa 2020. Mnamo tarehe 13 Machi kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini Kenya, na siku mbili baadaye serikali ikaagiza shule na vyuo vifungwe. Wanafunzi wengi walifunga virago wakaenda makwao. Yeye alibaki, kwa kuwa alikuwa na kibarua cha kupiga chapa tasnifu za watu na alitaka kulipwa kwanza ndipo asafiri. Tarehe 6 Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake zikapigwa marufuku. Tarehe 8 Aprili, Mombasa, Kilifi na Kwale nazo zikafungwa. Mama akawa ndani ya mpaka mmoja, binti ndani ya mwingine.

Katika siku hizo watu waliambiwa wasikaribiane, nayo kazi ya msusi ni kumgusa mtu kichwani kwa saa tatu mfululizo. Kibaraza cha Kongowea kikawa kitupu. Shoga wa nyumba ya tatu alifungasha mapema na kurejea kwao Taita kabla njia hazijafungwa, kwa kuwa kodi ya nyumba ilikuwa imemshinda. Fedha ambazo mama alizoea kumtumia bintiye kwa simu zikabadili mwelekeo: sasa ni binti aliyetuma shilingi mia mbili, mia tatu, kutoka katika malipo ya kupiga chapa. Kumlipa msusi kukawa anasa, na hata kama fedha zingepatikana, nani angethubutu kukikabidhi kichwa chake kwa mikono ambayo hakujua ilikogusa?

Baada ya majuma sita nywele zilikuwa zimesongamana mithili ya kiota. Jirani yake alimpa ushauri wa busara: "Zikate tu, dada. Zitaota." Aliazima mkasi, akauweka mezani, na ukalala hapo siku nne. Kilichomzuia kuutumia hakikuwa urembo, maana hakuna aliyemtazama. Alihisi kuwa urefu huo ndio uamuzi wa kwanza alioufanya juu ya mwili wake mwenyewe, na kwamba angeukata angekuwa ameirudisha ile kanuni ya bwenini kwa mkono wake. Siku ya tano aliurudisha mkasi kwa mwenyewe, akampigia mama simu.

Kabla ya hapo alikuwa amejaribu peke yake, akashindwa. Alisimamisha kioo mbele na kingine nyuma, akaanza. Vioo vilimhadaa. Alipotaka kupeleka kidole kulia kilikwenda kushoto. Mstari ulioanza juu ya jicho uliishia nyuma ya sikio, na baada ya nusu saa mikono iliyoinuliwa ikafa ganzi. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Viweke chini hivyo vioo. Mimi nikikusuka sikutazami, nakupapasa. Umewahi kumwona nyanyako akiutazama ukili?"

Swali hilo lilimfungua. Nyanya yake wa Kwale alikuwa msusi wa mikeka. Alisuka ukili wa miyaa huku akitembea njiani, akiamkiana na watu, na macho yake hayakushuka mikononi. Vidole ndivyo vilivyohesabu. Tangu siku hiyo mafunzo yakaendelea kwa simu, kipande kwa kipande, kwa kadiri ya salio. Mama alieleza kwa sauti kazi ambayo kwa miaka thelathini aliifanya bila kuieleza, na mara nyingi alinyamaza katikati ya sentensi, binti akajua kwamba anaifanya hewani kwanza ili aone kidole kipi kinatangulia.

Somo la kwanza halikuwa la kusuka bali la kuandaa. Nywele zioshwe, zigawanywe mafungu manne, na kila fungu lifunguliwe likiwa na unyevu na mafuta. Vidole vitangulie, chanuo lifuate. Kuchana kuanzie kwenye ncha kurudi shinani, kwa maana anayeanzia shinani hukusanya mafundo yote mahali pamoja kisha akayakaza. Zikishafunguka, kila fungu lizungushiwe uzi mweusi kutoka shinani hadi nchani, lilale hivyo usiku kucha. Asubuhi uzi ukitolewa, nywele huwa zimenyooka pasipo moto wala mashine, na mkono huweza kuzishika.

Somo la pili lilikuwa la kugawa. Msusi huutambua mstari wa katikati kwa kuuona. Anayejisuka huutafuta kwa kugusa. Alama ya mbele ni pua, na alama ya nyuma ni kishimo kilichopo pale shingo inapokutana na fuvu. Ncha ya chanuo huanzia juu ya pua na kukifuata kidole cha mkono wa pili, ambacho kimetangulia na kungoja kishimoni. Njia ya kati ikishapatikana, nyingine zote hupimwa kwayo, kwa upana wa kidole kimoja. Nywele zisizo na kazi hufungwa kando ili zisiingie njiani. Ili ajue iwapo njia imenyooka, mtu hupitisha ncha ya kidole juu yake: iliyonyooka hupitika kwa mkupuo mmoja, na iliyopinda hukikwaza kidole.

Somo la tatu ndilo lililochukua majuma. Vishikizo vitatu vidogo huanzia kwenye paji la uso. Cha pembeni hupita chini ya cha kati, kisha cha pembeni ya pili, na kila kinapopita huokota nywele kidogo kutoka katika njia yake. Kiasi cha kuokota kikiwa sawa, mstari hutoka sawa. Kikizidi, huota nundu. Mkono ukifika utosini huchoka, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Dawa yake ni kuketi mbele ya meza, kuinamisha kichwa hadi kidevu kiguse kifua, na kuviegemeza viwiko mezani ili meza iubebe uzito wa mikono. Kuanzia hapo hadi kisogoni jicho halina msaada. Wengine hulifumba kabisa ili lisiwasumbue. Ngozi ya kichwa inapokwisha, mkia wa nywele huletwa mbele juu ya bega, na hatimaye jicho huruhusiwa kuitazama kazi ya vidole.

Jambo moja mama alilirudia katika kila simu: kukaza si ustadi. Nywele za panja ni laini na mizizi yake haina nguvu. Mstari ukiumiza usiku, au vipele vikatokea asubuhi, sharti ufumuliwe. Madaktari wa ngozi nao wanautambua upara utokanao na nywele kuvutwa kwa muda mrefu, na wanaonya kuwa mzizi ukishakufa nywele hazirudi. Anayesukwa na mwingine huweza kuvumilia maumivu kwa haya. Anayejisuka hana wa kumwonea haya, maana mkono unaovuta na ngozi inayovutwa ni vya mtu mmoja.

Mwanafunzi wa fasihi hakosi kuyasikia mambo haya kwa sikio la fani yake. Katika ushairi wa Kiswahili, msuko ni shairi ambalo kibwagizo chake ni kifupi kuliko mishororo inayokitangulia, sawa na songo la nywele linavyopungua kuelekea nchani. Katika riwaya na tamthilia, msuko ni mpangilio wa matukio. Vilevile alikumbuka kwamba utendi ambao Mwana Kupona binti Msham wa Pate aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili kumuusia bintiye, haukuona haya kutaja kuoga, manukato, utunzaji wa nywele na kutunga asumini kando ya mausia ya dini. Darasani utendi huo hujadiliwa sana kwa sababu ya nafasi ya mwanamke mbele ya mumewe, na mjadala huo ni wa haki. Chumbani mwake, simu ikiwa sikioni, yeye aliona upande mwingine: mama aliyejua kuwa mkono wake hautamfikia tena bintiye, akautuma ulimi ufanye kazi ya mkono.

Jaribio la kwanza lilimpa mistari mitano kwa muda wa saa saba. Kufikia Juni alikuwa akisuka mistari minane kwa saa tatu. Hata hivyo, mstari wa tatu upande wa kushoto ulikataa kunyooka. Kila mara kidole kilikwama mahali pamoja, nyuma kidogo ya sikio. Alipopapasa vizuri alikuta kovu dogo, laini, ambalo nywele haziotei. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na hakujua kuwa analo. Alimuuliza mama.

"Ulianguka hapa kibarazani ukiwa na miaka miwili," mama alimwambia. "Ulipiga kichwa kwenye kigoda."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nikuambie ili iweje? Nilikuwa nikifika hapo naupinda mstari, nalifunika. Hakuna aliyeliona."

Alinyamaza muda mrefu, salio likaisha. Alikumbuka kwamba katika picha zake zote za utotoni kuna mstari mmoja uliopinda upande wa kushoto, na kwamba siku zote aliuchukulia kuwa ni mtindo wa mama tu. Mara ngapi alikipokea kipindo hicho, kila Jumamosi, pasipo kujua kuwa kuna kitu kinachofunikwa? Kusukwa kulikuwa kumemficha jambo hilo kwa wema. Kujisuka ndiko kulikomwonyesha kovu, na pamoja na kovu kukamwonyesha mkono uliolizunguka miaka yote hiyo.

Vizuizi vya safari viliondolewa tarehe 7 Julai, na juma hilo hilo alipanda basi la kwenda Mombasa. Mama alimpokea kibarazani. Hakumsifu. Alimgeuza, akapitisha vidole kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, mstari kwa mstari, kama mwalimu asahihishaye daftari. Nyuma ya sikio la kushoto kidole kilisimama.

"Hapa umepinda."

"Nimepinda kusudi, mama."

Mama hakujibu. Alifungua leso aliyojitanda kichwani, na binti akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: nywele za msusi hodari wa Kongowea zikiwa timutimu, zimeingia mvi, hazijaguswa na chanuo kwa muda wa miezi mitatu. Shoga wa nyumba ya tatu alikuwa hajarudi, wala hakurudi baadaye. Mama alikaa mkekani akakisogeza kigoda nyuma yake. "Nisuke," akasema. Binti alikikalia kigoda, akatafuta njia ya kati kwa kidole, na jioni hiyo mama aligundua, kwa mshangao wake, kwamba mkono wa bintiye haukazi kwenye panja.

Je, methali imeshindwa? Wanafunzi wa isimu wana jibu lililo karibu, nalo limo katika kitenzi chenyewe. Wahenga hawakusema kuwa kinyozi hawezi kujinyoa. Walisema hajinyoi. Ukanushi huo ni wa mazoea, si wa uwezo. Humweleza mtu jinsi aishivyo, wala haumwekei mpaka wa kile awezacho kukifanya. Mama mwenye mikono iliyosuka nusu ya mtaa hakushindwa kujisuka miezi ile mitatu. Nywele zake zilibaki vile kwa kuwa Jumapili zake zilikuwa za watu wawili, na mmoja hakuwapo.

Yamkini ndiyo maana kujua kujisuka hakukumwondoa bintiye katika kusukana, bali kulimpeleka huko. Kabla ya mwaka ule kazi yake ilikuwa kusukwa tu: mtoto magotini pa mama, mteja magotini pa msusi. Asingeweza kumsuka mama, kwa kuwa hakuwa na cha kumrudishia. Kiambishi -ji-, ambacho kwa sikio la kwanza hunuka upweke, kilimpa ujuzi wa kuingia katika -ana-. Aliyejisuka amewahi kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja, na kwa hiyo anajua, pasipo kuambiwa, uzito wa mkono wake juu ya kichwa cha mwingine.

Siku hizi, muhula ukiwa umeshika kasi na fedha zikiwa chache, hujisuka mwenyewe chumbani, macho akiwa ameyafumba. Likizo zikifika, yeye na mama husukana kibarazani kila Jumapili. Akiulizwa chuoni ni nani aliyemsuka, hujibu kuwa amejisuka, na wengi humtaka ageuke waone kisogo kabla ya kuamini. Hugeuka. Mistari ni minane, yote imenyooka isipokuwa mmoja, na huo huwaacha waushangae bila kuwaeleza.